Ninyi Mara Tatu, Mimi Mara Moja

Nyamirambo, Kigali
Agosti 1991

Kwa mdogo wangu Mwamini binti Feruzi,
Ujiji, Kigoma

Assalaam alaikum. Mdogo wangu, nakusalimu sana, na nauliza kifua chako kilichokusumbua masika iliyopita kinaendeleaje, na watoto wanaendeleaje, na majirani zako wanaoniulizia, maana najua wananiulizia. Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Mke wangu Mukankusi anakusalimu, anasema mafuta ya mawese uliyomletea yalikuwa mazuri kuliko ya hapa. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kulia, lile la cherehani. Siku hizi lina amri zake lenyewe. Likikunjwa muda mrefu linagoma.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Wengine wa umri wangu wanakwenda kumlipa karani pale posta, mimi sijamlipa karani hata siku moja. Herufi nilijifunza kwenye pindo za vitambaa, kwa hiyo ukiona zimekuwa kubwa kubwa usishangae, ndivyo viwanda vinavyoandika.

Najua umenikasirikia. Najua ulikwenda uwanja wa ndege wa Kigoma pamoja na kina mama na ngoma, mkasimama juani kunipokea, na ndege isije. Najua mwanetu Shami amepakwa hina ikafifia akapakwa tena. Na nimepata maneno yako kwamba watu wa bwana harusi wamechoka kungoja, wamesema Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu ndiyo ya mwisho, ikipita bila ndoa watajua tumewakataa. Haya yote nayajua. Sasa tulia nikueleze, maana hata mimi tangu mambo haya yaanze siwezi kukaa kitako. Nikisikia mngurumo upande wa Kanombe, kwenye uwanja wa ndege, natoka nje na sindano mdomoni kutazama juu.

Marehemu ndugu yetu Idi alipofariki aliacha binti mmoja bila ndugu wa kiume, na mimi ndiye baba yake mkubwa, mimi ndiye walii wake. Uliniandikia nimpe wakala sheikh wa huko amwozeshe, nikakataa, nikasema hakuna mdomo utakaomwoza Shami ila huu wangu. Ukaniambia basi nipande basi, nipite Rusumo mpakani. Mwamini, safari ya siku mbili na goti hili! Na tangu vita vya Oktoba iliyopita kila mahali iko barieri, unashushwa, unapandishwa, unatoa karatasi ya komine inayokuruhusu kusafiri, unashushwa tena. Goti lingebaki kwenye barieri ya kwanza. Ndipo nikasema nitakuja kwa ndege, na mtaa mzima ukasikia, maana nilisema kwa sauti.

Hapa mjini kuna kampuni ndogo ya ndege inaitwa Korongo. Inajulikana kwa bei nafuu, na ndege yake ni moja. Biro yao, yaani ofisi, iko katikati ya mji mbali na mtaa wetu, na ina kijana anaitwa Léonce, mpole, Kifaransa kingi, tai yake imeshonwa vibaya. Akaniuzia tike, akaandika jina langu lote.

Nikaanza kuaga. Unajua desturi yetu, mtu wa safari ndefu anapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa sababu hajui kama atarudi. Nilivaa kanzu mpya na koti nililojishonea, watu wakasema sijaonekana hivyo tangu siku ya harusi yangu. Nilipita kila mlango mpaka nikafika kwa Swaibu Mugabo, fundi jirani yangu, ambaye tangu aseme kwamba kola zangu zinanyonga watu sikuwa nimempa hata salamu. Nilitaka kumruka. Mukankusi akanivuta kanzu, akasema safari ya kuruka mtu haina baraka. Basi nikamwomba radhi Swaibu, kwa mkato, nikitazama pembeni. Yeye akaacha mkasi, akanishika mikono yote miwili, akaniomba na yeye. Msikitini nikasomewa fatiha. Watu wakanipa salamu na vifurushi vya jamaa zao wa Ujiji. Nikaondoka kama mkubwa.

Kanombe tukangoja mpaka jua likageuka. Léonce akaja anajifuta jasho, akasema samahani, safari imefutwa, mafuta hayakufika.

Mwamini, mtu akishaagwa vile anarudije? Nilirudi na valisi yangu ya nguo kwa njia ya uani, nikaingia dukani kwangu, nikajifungia. Mukankusi nikamwambia anayeniuliza ajibiwe nimesafiri. Lakini mikono yangu haijui kukaa bure, nikaanza kushona polepole. Nilisahau jambo moja. Cherehani yangu ina kikohozi chake, haifanani na nyingine yoyote Nyamirambo. Punde nikasikia Swaibu anagonga ukuta, anauliza kama Kigoma imesogea karibu hivi siku hizi au ni majini yanashona dukani kwangu.

Nilidhani atanitangaza. Wallahi, hakunitangaza. Wateja wakija kuuliza kelele za nini, aliwaambia ameazima cherehani yangu na fundi wake anajifunza, ndiyo maana inakohoa hivyo. Na kila nilipokwenda kwa Korongo alinitangulia kuangalia njia kama hakuna mtu wa kuniona.

Pale biro nilipiga kelele, usiulize. Léonce akanieleza kwamba iko njia mbili: nirudishiwe pesa, na hapo safari imekufa, au ningoje ndege nyingine. Nikamwambia sikuja kununua pesa, nilikuja kununua ndege, anipe ndege yangu. Akasema mzee, ndege si suruali, haishonwi huku unasubiri. Nikamjibu kwamba suruali yangu nikiiahidi Ijumaa inavaliwa Ijumaa, na tai yake mwenyewe, kama angeniletea mimi, isingemkaa kama ulimi wa ng'ombe. Watu wakacheka. Mama mmoja anaitwa Gahongayire, aliyefutiwa safari kama mimi na sasa anadai chake, akasema angekuwa na mdomo wangu angeshalipwa zamani.

Mara ya pili wakafuta, wakasema abiria hawatoshi. Nikawaambia waniachie mimi, nitawajazia ndege kwa watu wa Nyamirambo peke yao. Mara ya tatu wakafuta, wakasema ndege imekwama Bujumbura, iko kwa fundi. Hapo nilipiga meza mpaka kalamu zikaanguka. Kila mara Léonce alinisukumia ile karatasi ya kurudishiwa pesa, na kila mara niliirudisha kwake kwa kidole, maana kuitia saini ni kusema Athumani ameshindwa, Shami atafute mdomo mwingine.

Nimesikia mngurumo, nikaacha kalamu kidogo nikatoka. Lilikuwa lori tu.

Sasa nifike penye uzito, na ukisoma hapa soma kimoyomoyo. Jumatatu hii ndege ilikuja.

Ndiyo, ilikuja. Swaibu alinibebea valisi mpaka Kanombe. Nikapita kwa askari, nikapanda, wakanikalisha karibu na dirisha. Ni kitu kidogo, Mwamini. Kwa nje unadhani ni chuma, ukiingia unaona imeunganishwa vipande vipande kama nguo, na mimi ni fundi, nikaanza kutazama mishono. Mlango walipoufunga haukukubali, wakaubamiza tena kama kabati la duka. Mashine ikawaka. Goti langu likaanza kupiga lenyewe, juu chini, juu chini, kama niko kwenye cherehani, na mikono miwili juu yake haikulizuia. Dirishani nilimwona Swaibu nyuma ya uzio, ameshika mwavuli wangu. Nikapaza sauti wafungue. Rubani akageuka. Nikasema fungueni, nashuka, na nikashuka.

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kupanda ndege maishani mwangu, nawe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Na lingine, baya zaidi: kila walipoifuta, nilipiga kelele zikasikika mpaka sokoni, lakini humu ndani kuna kitu kilikuwa kinakaa chini na kupumua. Yule aliyewagombeza Korongo kuliko abiria wote ndiye aliyekuwa akirudi nyumbani na moyo mwepesi kuliko wote. Nilikuwa nakukasirikia wewe ukinihimiza, huku naomba mafuta yachelewe tena. Mwana wa Idi ananingoja na hina mikononi, na mimi nashukuru mafuta hayakufika.

Swaibu alinifungulia mwavuli tu, wakati hakukuwa na mvua wala jua kali.

Kesho yake nikarudi biro. Safari hii niliomba ile karatasi mwenyewe. Léonce akatikisa kichwa, akasema sasa haiwezekani, sheria ya kampuni ni kwamba wao wakifuta wanarudisha pesa, lakini abiria akishuka kwa hiari yake hadai kitu. Nikamwambia hesabu yake haijakaa sawa. Nikasema ninyi mmenifutia mara tatu, mimi nimewafutia mara moja. Tukitoa ya kwangu, bado nawadai radhi mara mbili. Gahongayire, aliyekuwa bado pale, maskini, anadai, akasema mzee anahesabu vizuri kuliko kampuni. Watu wote wa mstari wakaitikia. Léonce akaingia ndani kwa mkubwa wake. Nilisikia Kifaransa kirefu, halafu kicheko, halafu akatoka akanipa kalamu. Nilitia saini jina langu lote, herufi moja moja, mpaka bin Feruzi, na mstari ukangoja.

Nilipoinua kalamu nilijua nimemwacha Shami bila mdomo wangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Swaibu.

Ungesema ningempa wakala yule sheikh wa huko kama ulivyotaka mwanzo. Hapana. Nataka mtu aliyetoka mkononi mwangu. Nilimwambia Swaibu mbele ya imamu wetu na mashahidi wawili kwamba nimempa wakala wa kumwoza Shami binti Idi, na kwamba pesa ya ndege itamfikisha kwa basi, yeye ana magoti mazima. Akauliza kama sitasema baadaye kwamba ameoza vibaya, jinsi anavyonijua. Nikamwambia nitasema tu. Akakubali. Tangu jana anayarudia maneno ya kuoza ukutani, nami upande wangu namsahihisha.

Leo asubuhi alipita nyumba kwa nyumba kuaga. Mlango wangu ulikuwa wazi, tangu jana uko wazi, na waliouliza nimerudi lini kutoka Kigoma niliwaambia sikufika. Akaja kwangu wa mwisho akaniomba radhi, nami nikampa bila kutazama pembeni.

Kwa hiyo huyu aliyekupa barua hii ndiye Swaibu. Mpe maji, mpe mahali pa kulala, na ngoma mliyoniwekea mimi mpigieni yeye. Vifurushi vya watu anavyo vyote. Siku ya ndoa muweke Shami karibu na pazia asikie vizuri, ajue kwamba sauti ni ya Swaibu lakini neno ni langu.

Watu wakiuliza kwa nini sikuja, waambie goti. Shami mwambie ukweli.

Wasalimie wote, wakubwa kwa wadogo, na kaburi la Idi lisomee kwa niaba yangu. Mungu atukutanishe nchi kavu.

Ni mimi kaka yako,
Athumani Nzeyimana bin Feruzi,
fundi wa Nyamirambo anayejulikana.

Nimesahau: kanzu aliyovaa Swaibu nimemshonea mimi, kwa siku moja. Itazame kola, halafu muulize mbele za watu kama inamnyonga.