Mama Anataka Neno la Zamani

Alnif, Jumapili

Kaka yangu Bassou,

Sisi hatujambo. Mbuzi mweupe kazaa, na makomamanga ya mwaka huu ni madogo.

Binti wa Moha karudi kutoka chuoni. Anasema vile viumbe vya baharini tunavyovichimba mlimani vilifukiwa na tope, vikageuka mawe polepole. Neno lake ni tahajjur, halina lawama ndani yake. Wazee wetu walisema maskhut, aliyegeuzwa jiwe kwa ghadhabu ya Mungu. Ndiyo maana mpaka leo tunalibishia jiwe hodi na kuliomba radhi kabla ya kulipasua.

Nilidhani neno jipya litampoza Mama. Tangu shimo la machimbo lilipomfukia Baba, watu wakashindwa kumtoa, kila asubuhi anapanda kule, anabisha mwambani, anatega sikio.

Nikamwambia, "Mama, hakuna aliyelaaniwa. Ni tope na miaka tu."

"Hilo neno lenu kaeni nalo! Kilichogeuzwa na tope hakisikii. Aliyelaaniwa anasikia, na akisamehewa anapumzika."

"Asamehewe na nani?"

"Na Bassou. Umesahau baba yako alivyomfukuza kama mbwa?"

Mimi siamini mambo hayo, unanijua. Lakini jana nilimfuata Mama. Nikabisha, nikasema ni mimi, Itto. Kimya. Nikataja jina lako.

Bassou, kulibishwa kutoka ndani.

Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako,
Itto