Asimame, Anyonye

Mdogo wangu Elisante,

U mzima? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi afya ninayo, ila nina hasira, na ni bora ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori anayerudi Arusha.

Mama amenisimulia yote. Ng'ombe wa Mama mdogo alipata joto, akamleta hapo Nkoaranga apandwe na dume letu, ukapokea hela. Mimba haikushika. Aliporudi naye ukamtaka alipe upya. Eti, "Nimelipwa ya kupandisha, sikulipwa ya kuzaa. Mkono mtupu haulambwi." Mjane wa watu akageuza ng'ombe wake, akashuka naye mteremko ule. Sasa anataka kumuuza kwa mchinjaji, maana ng'ombe asiyezaa hatoi maziwa, na maziwa ndiyo yanayomlisha.

Elisante, una akili kweli?

Hebu sikia tunavyofanya huku Afrika Kusini. Shambani tuna farasi dume mmoja ambaye ada yake ya kupanda jike mmoja tu ingekujengea nyumba Moshono, pamoja na geti. Na bosi wangu ni bahili, hata sabuni ya kufulia anatukatia vipande. Lakini ada ile haihesabiki kuwa yake mpaka mtoto azaliwe, asimame kwa miguu yake mwenyewe, anyonye. Ndivyo wanavyokubaliana.

Juzi juzi jike wa mteja alizaa. Mtoto alijaribu kuinuka, miguu ikamkataa. Tukamshikilia kwa mataulo, tukamsogeza kwenye chuchu, hakuweza. Akanifia mikononi. Nililia, sikufichi. Mteja akaanza kuulizia malipo, bosi akamkatiza: "Hakusimama, hakunyonya. Mlete jike wako tena, hudaiwi kitu." Bahili yule! Nikakukumbuka wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, nikaona haya.

Dume hilo nililinunua mimi kwa jasho langu, wewe nilikuachia ulilishe tu. Ukimaliza kusoma, lifunge kamba ulikokote mwenyewe hadi kwa Mama mdogo, mchana kweupe, majirani wakuone. Mimba isiposhika, lipeleke tena. Na hela yake mrudishie.

Mama mpe shikamoo yangu. Baba mkubwa seremala wa Elerai mwambie kitanda alichonichongea bado nakiota, huku tunalala kwenye vyuma.

Mama mdogo naye mpe shikamoo, tena uinamishe kichwa. Wewe huwezi kukumbuka, lakini mimi nilikuwa mkubwa, niliona. Ulipozaliwa Mama alilazwa hospitali, hana nguvu wala maziwa. Mama mdogo alimpa mwanawe titi moja, la pili akakupa wewe. Ulinyonya kwake mpaka ukasimama, na hakumdai mtu ada.

Kaka yako mwenye hasira,
Anaeli