Yule Waridi wa Kwenye Disiki

Kasongo, tarehe 14 mwezi wa tatu, 1956

Kwa Baba yangu mpendwa Placide, Kabambare,

Nakuandikia nikiwa na afya, na namuomba Mungu barua hii ikukute unatembea vizuri, ule mguu umepoa. Mdogo wangu Louise anaendeleaje? Na mihogo ya bondeni, nguruwe wa pori wameiacha? Sisi huku wazima. Masista wanakusalimu, na kazi ya kushona inaendelea.

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza kama namfahamu yule Waridi anayeimba kwenye gramafoni ya duka la Abdallah, kwa kuwa umesikia ni mtu wa Kasongo. Ndiyo, namfahamu sana. Acha nikueleze habari zake.

Alianza kuimba na Amisi, fundi wa baiskeli hapa sokoni, ambaye anapiga gita. Jioni mke wa Amisi, mama Feza, akipika, wao walitunga nyimbo palepale uani. Mwaka juzi akapita Mzungu mmoja na kamio, gari kubwa la mizigo lenye mashine ya kunasa sauti, akitafuta waimbaji. Wakapewa chumba cha darasa, wakaziba madirisha kwa mablanketi. Lakini kila walipofika katikati ya wimbo, jogoo wa jirani aliwika. Waliurudia mara saba, mpaka mama Feza akaenda kumnunua yule jogoo. Wakamla siku ileile.

Mzungu alipouliza aandike jina gani kwenye disiki, mwimbaji alisita. Alikuwa na baba anayeheshimiwa, ambaye hangependa. Mama Feza akasema waandike Waridi, jina la dada yake yeye mama Feza, marehemu, na hilo likabaki.

Disiki ikafika Kindu, ikafika Bukavu. Mwaka jana waliitwa hukohuko Bukavu kunasa nyimbo nyingine sita. Walisafiri siku nne kwa kamio, mama Feza akiwa pamoja nao. Siku moja sokoni Waridi alikuwa ananunua mawese huku anaimba polepole wimbo wake mwenyewe. Muuzaji akamwambia: “Dada, ile wimbo haiko vile. Kuja nikufundishe.” Akafundishwa, akashukuru, akaenda zake.

Umeandika kwamba wimbo wake mmoja, ule wa kitenge, ulikuweka nje ya duka mpaka chai yako ikapoa, na kesho yake ukarudi tena bila kujua sababu. Mimi naijua, Baba. Miaka ile minne ulipokuwa Kalima kwenye migodi, mama alikuwa akikianika kile kitenge ulichomtumia, hakivai, anakitazama tu na kusema: “Kitenge umetuma, wewe uko wapi?” Wewe hukuwepo kumsikia. Mimi nilikuwepo, nikiwa na miaka tisa.

Waridi ni mimi, Émérance wako.

Nisamehe kwa kukuficha. Siku naondoka ulisema sauti yangu ni ya kanisani, nami nikaitika. Kanisani bado naimba kila Jumapili. Wala sikutunga wimbo ule kukulaumu. Mama mwenyewe hakukulaumu. Uliporudi alikivaa kile kitenge siku ileile. Nilitaka tu maneno yake yasipotee.

Mwezi wa sita tutanasa disiki nyingine. Naomba ruhusa yako waandike jina langu: Émérance, binti Placide. Ukikataa, nitabaki Waridi, wala sitakukasirikia. Ila kuimba siachi, Baba. Nakuambia kwa heshima, kwa sababu nimechoka kukudanganya.

Baada ya Pasaka tutakuja Kabambare, mimi na mama Feza na Amisi na gita lake. Ukipenda, twende sote kwenye kaburi la mama. Mimi nitaimba, nawe umjibu.

Mbusu Louise kwa niaba yangu. Abdallah naye mpe salamu, na umwambie abadilishe sindano ya gramafoni, asije akaimaliza disiki.

Nakuacha na mapendo mengi na amani ya Bwana.

Mtoto wako,
Émérance