Usiiwashe Pawa So ya Babu Yako

Mjukuu wangu Brayo,

Salamu zako nimezipata. Huku Gatina tuko wazima, na mama yako amepona kikohozi. Lakini wewe umenikasirisha sana. Eti pawa so ya marehemu babu yako inakata miti polepole, kwa hivyo unataka kupunguza oili kwenye petroli ipate kasi? Usiiwashe!

Ujanani mimi ndiye niliyemchanganyia mafuta. Siku moja alikuwa akikata mkaratusi kule Kibera, mashine ikalemewa. Nikadhani oili ndiyo nzito, nikamjazia petroli peke yake. Ilinguruma kidogo tu, injini ikakauka bila oili, ikashikana.

Jirani akapiga kelele, "Mama Rosa ameua mashine!"

Babu yako aliokota unga wa mti chini ya gogo, akaniwekea kiganjani. "Ona, Mama Rosa, hili ni vumbi. Cheni kali hutoa vipande. Ilikuwa inataka kunolewa tu."

Kisha akatoa tupa, akaanza kuinoa ile cheni. Upole wake uliniuma miezi.

Tupa yake ya kunolea cheni ninayo tangu tumzike. Siitumi kwa basi. Njoo uichukue mwenyewe, nikugombeze vile yeye alivyoshindwa kunigombeza.

Kukhu yako