Viroboto wa Directeur

Tata,

Naanza na paka, baba yangu, kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa ungemuuliza yeye kwanza, halafu ndiyo mimi na mjukuu wako. Directeur yu mzima. Amenenepa, sasa hivi amelala juu ya kitenge cha mteja, na nimechoka kumfukuza. Hayo ndiyo mazuri. Acha nikueleze yaliyotangulia, maana kidogo apelekwe barabara ya Dilolo asirudi tena.

Ulipoondoka walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Wenzako wa zamani wa kiwanda cha Kingamyambo, wazee watupu sasa, walikaa uani kwenye viti vya plastiki wakabishana ni nani alikuwa mkuu wa zamu siku pampu zote zilipokufa pamoja. Kila mmoja alisema ni wewe uliyekuwa sahihi siku ile. Kina mama wa parokia walilala sebuleni juu ya mikeka. Dada yako, Shangazi Kabedi, alifika kutoka Sandoa na begi moja, akatandika mkeka wake mbele ya mlango wa chumba chako, na hapo akakaa.

Chumba tulikifunga. Desturi ya kwetu unaijua kuliko mimi: chumba cha marehemu hakiguswi na ufagio mpaka siku ya kumaliza kilio, na siku hiyo anayekifagia ni dada yake. Shangazi alinikumbusha hata kabla sijamwaga machozi ya kwanza. "Ukifagia mbele ya siku, unamufukuza kaka yangu," alisema. Nilimjibu, ndiyo Tantine. Sikuwa na nia ya kufagia kitu chochote. Sikuwa na nguvu hata ya kuosha sahani.

Lakini hakuna aliyemweleza Directeur desturi hiyo. Dari la chumba chako bado lina lile tundu uliloahidi kuliziba tangu mimi niko shule ya msingi. Alipita hapo. Nikiwa kwenye cherehani nilimsikia akiruka juu ya kitanda chako, pu, halafu kimya. Nilimwacha. Nilijiambia, angalau mmoja wetu anaingia.

Kosa halikuwa la paka. Tulisahau kazi yako ya Jumamosi. Wewe ulikuwa unakaa kwenye kigoda uani, beseni la maji ya sabuni kati ya miguu, unamchana kwa kile kichana chembamba cha chawa, na kila kiroboto aliyeshikwa alizamishwa bila hukumu. Ulikuwa ukimsomea makosa yake ya wiki: "Directeur, rapport yako ni mubaya." Jina lenyewe, mkurugenzi, ulimpa kwa sababu anakula wa kwanza na hajawahi kushika panya. Sisi tulicheka tu, tukadhani ni mchezo wa mzee aliyestaafu. Kumbe ile ndiyo ilikuwa dawa ya nyumba nzima. Wakati wa kilio hakuna aliyemchana, na viroboto hawavai nguo za msiba.

Wa kwanza kuumwa alikuwa Mwadi. Unajua ngozi ya mwanangu, mbu mmoja tu anamvimbisha. Miguu yake ilijaa vipele, akavikuna mpaka vikawa vidonda, mwalimu akaniita kuniuliza kama ni surua. Halafu wateja. Mke wa mchungaji alikuja kujaribu gauni lake, akasimama mbele yangu na pini zote, nikaona anainua mguu mmoja anakuna mwingine, kwa heshima, kama mtu anayesali. Siku mbili baadaye alimtuma mtu kuchukua kitambaa chake. Nilijua ya kwamba mke wa mchungaji akiondoka, kwaya yake itamfuata, na sare zao ndizo zinatulisha.

Shangazi naye alikuwa na maelezo yake. "Haiko biroboto ya kawaida," alisema. "Huyu paka anaingia kwa mufu, anatoka, anatuletea bitu." Akaanza kumtazama Directeur kwa jicho la pembeni. Baada ya Mwadi kulia usiku kucha kwa kuwashwa, alitoa hukumu: dereva wa lori anayekwenda Dilolo atapita Jumatatu, atamweka paka kwenye gunia, amwache mbali huko njiani. Tata, sikubishana. Shangazi ni wewe kwa nyumba hii sasa. Lakini niliingia chooni nikalia, maana sikuwa nimebakiwa na kitu chako chenye joto isipokuwa yule mnyama.

Basi nikatafuta dawa. Daktari wa mifugo yupo, upande ule wa nyumba za wageni, anatibu mbwa wanaolinda migodi. Nilimpigia. Bei ya kumtazama tu mgonjwa, kabla ya dawa, ningeshona mwezi mzima kuilipa. Lakini mama aliyepokea simu alikuwa na roho nzuri. Aliniuliza: anakula? Hana kidonda? Halali ovyo, ufizi wake haujapauka? Nikasema anakula kutushinda sote. Akasema basi usije, tafuta matone ya viroboto ya paka, ya paka kabisa, uyachague kwa uzito wake. Ukiona anadhoofika ndiyo umlete, hata kama ni kwa kukopa.

Nilikwenda sokoni kwa yule anayeuza dawa za mbuzi na kuku. Alinitolea kichupa kizuri, cha bei ndogo. Nikamwambia nina paka, si mbuzi. "Ni moja tu, Mama. Weka kiloko, tone kidogo tu." Nilikuwa nimeshafungua pochi. Halafu nikakusikia, Tata, na lile neno lako ulilotuchosha nalo utoto wote, ulilolileta kutoka kwenye mapipa ya kiwandani: "Soma mbele ya kushika." Nikageuza kichupa nisome kabla ya kulipa. Maandishi yalikuwa madogo kama mchwa, lakini picha ilikuwa wazi: mbwa, na pembeni yake paka aliyepigwa msalaba. Dawa ya mbwa, kwa paka ni sumu, inamtetemesha mpaka anakufa. Nilikirudisha. Muuzaji aliniona mjinga. Jirani yetu naye alipendekeza mazuti, dizeli ya lori, eti ndiyo waliyompaka paka wa kwao. Nikamuuliza yule paka aliishi muda gani, akaanza kuzungumzia mvua.

Ilunga, mtoto wako wa mwisho, ndiye aliyeniokoa. Bado yuko Lubumbashi, bado hapokei simu mara ya kwanza. Alizipata pipeti za paka, vichupa vidogo vya matone, kwenye famasi ya mifugo huko, akaniuliza uzito wa mgonjwa, kwa sababu kuna ya paka mdogo na ya paka mkubwa. Nani anajua uzito wa paka wake? Nilimtia Directeur kwenye kapu nikampeleka kwenye depo ya wanunuzi wa madini pale barabarani, wana mizani kubwa. Vijana wachimbaji walikuwa wamekaa juu ya magunia yao wakingoja zamu. Walicheka mpaka mmoja akashuka chini. "Mama, usiamini ile mizani, inakulaka kilo," aliniambia. "Ule paka utamukuta panya." Ikawa kweli, mizani ilisema Directeur ana uzito wa kuku.

Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alikataa kumning'iniza kwenye suruali ya kupimia watoto wachanga, na simlaumu. Ila alinikubalia nisimame kwenye mizani ya watu wazima, na paka mkononi, kisha bila paka, tukatoa. Tulipata uzito wa Directeur: paka mkubwa, hakuna ubishi. Na nilipata wangu pia. Nilikuwa nimepungua sana. Sikuwa nimeona. Muuguzi aliniangalia akaniuliza nimefiwa na nani, nikamwambia ni wewe, na hapo kwenye mizani nikashindwa kushuka.

Boksi lilikuja kwa basi. Nilifanya kama Ilunga alivyonieleza: nilitenga manyoya nyuma ya shingo, pale asipofika kulamba, nikadondosha yote kwenye ngozi. Directeur alinitazama kama mtu aliyefukuzwa kazi. Kesho yake nilimchana kwenye beseni lako, na viroboto wakatoka wamekufa. Nikapumua.

Lakini Mwadi aliendelea kuumwa. Siku ya pili, ya tatu, vipele vipya juu ya vile vya zamani. Shangazi aliniangalia tu. "Nilisema," akasema, na akampigia dereva wa lori kumkumbusha Jumatatu. Nikampigia Ilunga kumtukana yeye na famasi yake. Akaniacha nimalize. Halafu akaniuliza, polepole: "Paka inalalaka wapi?"

Nilitazama mlango wa chumba chako, Tata, kwa sababu nilikuwa nalijua jibu.

Jioni hiyo Shangazi alipokwenda kuoga, nilifungua chumba chako kidogo tu, nikatandaza kipande cha kaliko nyeupe sakafuni, nikafunga. Nilipokitazama baadaye kilikuwa kinarukaruka viroboto. Mayai yanaanguka kutoka kwa paka, yanaingia kwenye nyufa, kwenye godoro, kwenye blanketi lako. Yanaangukia pale pasipopita ufagio, na watoto wao wanangoja mtu akanyage. Kila siku tuliyoheshimu desturi, tulikuwa tunawalea wao. Na wanapita chini ya mlango, moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa Shangazi, na Mwadi ndiye alikuwa analala naye hapo.

Jumapili Shangazi alikwenda misa ya kwanza. Nikafagia.

Nitakuambia yote, usije ukasikia kwa mwingine. Nilitoa godoro lako juani. Nilichemsha maji, masufuria yote ya nyumba, nikaloweka blanketi, shuka, na lile koti la sufi. Nilifagia chini ya kitanda, nyuma ya kabati, nikachokoa ufa mmoja mmoja kwa msumari. Vumbi nililifunga kwenye mfuko wa plastiki nikalichoma. Nilipiga deki kwa sabuni mara mbili. Kazi yenyewe haikuwa nzito. Kilichonishinda ni blanketi. Lilikuwa bado linanuka wewe, tumbaku yako na yale mafuta ya kifua. Nililishika nje ya maji kwa muda mrefu. Nilifikiria nilikate kipande nikifiche. Halafu nikafikiria miguu ya Mwadi, nikalizamisha, na harufu ikapanda na mvuke, na ikaisha. Nililia kwa sauti, Tata. Jirani alidhani kuna mfu mwingine.

Shangazi aliporudi alikuta godoro uani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari, ya viroboto na ya mayai. Hakutukana. Alikaa chini, na nguo zake za misa, pale pale kwenye udongo, akaliwekea godoro mkono. Akasema: "Ilikuwa kazi ya mi. Ilibakia ile moja tu."

Mimi siku zote nilidhani anailinda desturi. Kumbe hakuwa hapa ulipougua, barabara ya Sandoa ilikuwa imekatika kwa mvua, alifika tumeshakuosha na kukuvika. Alikuwa anangoja mlangoni zamu yake ya kukuhudumia. Na mimi niliifanya wakati yuko kanisani.

Jumatatu lori lilipita. Shangazi alitoka mwenyewe barabarani akamwambia dereva aende zake. Hakunieleza sababu, na hatukuongea juma zima. Mwadi aliacha kujikuna.

Siku ya kumaliza kilio walikuja wote tena, wazee wa Kingamyambo, wanawake wa parokia, hata mke wa mchungaji, na kitambaa chake mkononi. Watu walisimama uani wakingoja. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua chumba tayari ni safi, na Shangazi anajua. Alichukua ufagio. Akaingia. Akafunga kitenge kiunoni akafagia, Tata, sakafu ambayo haikuwa na hata uzi. Alifagia pembe zote. Aliinama akafagia chini ya kitanda. Tulimsikia anaongea na wewe humo ndani, kwa Kiluba, sikuyashika yote, na hayakuwa yangu. Alisukuma ufagio mpaka kizingitini, akainama, akakusanya kwa mikono miwili pale pasipokuwa na kitu, akapita katikati ya watu akaenda kumwaga nyuma ya nyumba. Wazee walivua kofia. Aliporudi alinawa mikono, akala vizuri, na jioni akaniuliza kama pipeti zimebaki, kwa sababu ana paka wawili Sandoa.

Nimempa. Nimemchorea na picha ya paka mwenye msalaba, ili asije akadanganywa sokoni.

Chumba nimempa Mwadi, tundu la dari limezibwa. Directeur nitamtilia matone kila mwezi, na nitamtunza mpaka siku yake. Hayo nakuahidi, na ahadi yangu si kama ile yako ya dari.

Pumzika, Tata. Sitakusumbua mara kwa mara, nina sare za kwaya. Ila jambo moja. Wakikuuliza huko ni nani aliyefagia chumba chako, waambie ni dada yako. Mimi hapa, mpaka nitakapokufuata, nitasema hivyo hivyo.

Mtoto wako,
Ngoie