Jiwe la Kabula

Alhamisi jioni, wodini, Mwanza

Mwanangu Kabula amekojoa bila kulia. Nimeketi hapa kitandani kwake, na ile sauti ndogo ndani ya beseni bado naisikia.

Wiki iliyopita walimpasua, wakatoa jiwe kwenye kibofu. Daktari alinipa nilishike. Lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, nami nikajiona kama naelea, niko melini narudi kwetu Nansio na mwanangu mzima.

Leo asubuhi wametoa mpira wa mkojo. Daktari anasema figo moja bado imevimba, turudi kupimwa baada ya mavuno. Hiyo figo naiogopa.

Kinachoniuma zaidi ni vile vibao nilivyompiga. Tulipokuwa tunapalilia pamba kwenye shamba la kijiji alikuwa akishika tumbo, nikadhani ni uvivu. Kila alipojikojolea, nilimchapa. Mtoto wa miaka sita.

Mchana nimemwambia, "Kabula, unisamehe. Nilikuchapa, kumbe unaumwa."

Alikuwa anatazama ziwa dirishani.

"Hata mimi sikujua kama ni jiwe, mama," amesema, kisha akanishika kidole, akalala.