Kadi ya Feza Iliyotoka na Sura ya Matanga

Amisi, ndugu yangu,

Unisamehe kwa kimya hiki kirefu. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari mmoja, mimi niliyekuwa nikikuachia vijikaratasi mezani pako kila asubuhi: hapa mkato umezidi, pale sentensi haina kitenzi. Nilidhani sina la kukuambia. Sasa ninalo.

Ndoa ya Feza imesimamishwa. Feza, binti yako. Sitaki kuiandika sentensi hiyo mara ya pili.

Nieleze kwa utaratibu. Wazee wa kijana wake, Lokombe, watu wa Lubunga ng'ambo ya mto, walikuwa wamekwisha kuleta mahari, nami nikaipokea kwa niaba yako. Zilibaki kadi za mwaliko, na ni nani mwingine angezichapa kama si kiwanda chetu cha uchapaji cha parokia? Citoyenne Mapendo, ambaye sasa anakaa kwenye kompyuta yako, aliandika maneno, akatoa karatasi ya kwanza na kuniletea niisahihishe. Nikaisoma. Majina yalikuwa sahihi, nukta zilikuwa mahali pake. Nikatia sahihi. Unaijua desturi yetu: maneno yalikuwa yangu, sura ya ukurasa ilikuwa yako. Sikuwahi kuitazama sura kwa kuwa wewe uliitazama. Safari hii hukuwepo, na mimi sikutazama.

Kadi zikavuka mto. Kesho yake mama mdogo wa kijana akazirudisha zote ndani ya mfuko. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Aliniwekea kadi moja mkononi.

"Papa mwalimu, hii iko karte ya ndoa ao ya matanga?"

Hapo ndipo nilipoiona. Herufi kubwa tupu, nene, nyeusi. Jina la bibi arusi katikati, peke yake. Mistari imeachana kama watu wanaofuata jeneza. Juu na chini, ule mstari mweusi mpana. Ni sura ile ile tuliyowachapia wafu wa mji huu, na ndani yake jina la mtoto wako aliye hai.

Mapendo aliapa kwamba hakugusa chochote. Alifungua ukurasa mtupu mbele yangu, akaandika neno moja, mchele. Mchele nao ukatoka umevaa msiba.

Ndipo nilipokumbuka. Ulikuwa msimu ule wa ugonjwa wa kuhara, watu wakisimama mlangoni petu tangu alfajiri, kila mmoja na jina la mtu wake. Ulichoka kupanga herufi upya kwa kila marehemu. Ukafunga kurasa zote, ukaichagulia mashine sura ya tangazo la kifo, iwe ndiyo sura ya kila neno jipya mpaka mtu aseme vingine. Kwa Kifaransa uliiita par défaut. Kisha ukanigeukia: "Mwalimu, ukiwa ndani ya ukurasa, mashine inakutii kwa ukurasa ule tu. Ukiiambia jambo bila kufungua ukurasa wowote, inalichukua kama wosia."

Nilikuambia useme "hulichukua". Ukacheka.

Baadaye ukaugua wewe. Tangazo lako lilitoka barabara, bila mtu kugusa kitu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tangu hapo tumechapa wafu tu, na stakabadhi za parokia, ambazo zina sura yake iliyohifadhiwa. Kadi ya Feza ilikuwa neno la kwanza la furaha kuingia katika mashine ile baada yako.

Lakini nenda ukawaeleze hayo watu wa Lubunga. Wao wamekwisha kupata maana. Walisema mashine ilikuwa mkononi mwa marehemu, na kwa mashine hiyo marehemu amesema: ndoa hii haitaki. Feza alipoletewa maneno hayo hakulia. Aliniuliza jambo moja, mimi anayeniita ami.

"Tonton, papa angemupenda Lokombe ao angemukatala?"

Ulikufa kabla kijana hajaja kujitambulisha.

Nikamwita baba mkubwa wa Lokombe, ambaye ndiye msemaji wao, aje kiwandani ajionee. Alivuka mto na pirogi, akaja na kofia yake na fimbo yake. Nilitaka kumthibitishia kama tulivyofundishwa kuthibitisha kanuni, kwa mfano. Nikamwomba jina lake lote. Akalitaja. Nikaliandika.

Hebu fikiri. Niliandika jina la mzee aliye hai, mbele ya macho yake, nalo likatoka limekufa.

Alisimama. "Mwalimu, unaniua mu macho yangu mwenyewe?"

Nilichanganyikiwa kabisa. Haraka nikaandika jina langu chini ya lake, kisha la Mapendo, kisha la citoyen directeur, mkuu wetu, ili aone kwamba hatuchagui mtu. Tukawa maiti wanne kwenye kioo kimoja. Kisha umeme wa bwawa la Tshopo ukakatika, tukatoweka sote.

Mzee aliketi tena katika chumba kile chenye joto. Mwishowe aliuliza ni kwa nini mtu aifundishe mashine kitu kama kile. Nikamweleza juu ya ule msimu: watu mlangoni, wewe na macho yako mekundu, jinsi ulivyokataa kwenda kula mpaka wa mwisho apate karatasi yake. Aliuliza kama na watu wa ng'ambo waliletwa kwako. Nikasema ndiyo.

"Ya mutoto wetu ilitoka asubuhi ile ile," akasema. "Tulimuzika karatasi iko tayari."

Akachukua kofia. "Bon. Mimi nimeelewa. Nitasema na bandugu. Lakini bale banaogopa, mwalimu, woga haisikie maelezo."

Umeme uliporudi, nilifunga kurasa zote. Mapendo alinionyesha, nikachagua mwenyewe: herufi nyembamba, mistari iliyokaribiana, bila ule mstari mweusi. Dakika chache tu, na jambo la mwisho uliloifundisha mashine likawa limefutika. Nilibaki nimekaa. Sikujua kwamba inaweza kuwa rahisi hivyo. Uniwie radhi, ndugu yangu. Wafu watakaokuja tutawapangia mmoja mmoja, kwa mkono, hata kama watasimama mpaka barabarani.

Kadi ya Feza nimeipanga upya. Nimetazama sura kwanza, maneno baadaye. Ni nzuri. Ungeisogeza juu kidogo, najua. Mahali pa tarehe nimepaacha patupu, na Mapendo ana amri yangu asichape hata moja.

Wazee wa Lubunga watakaa kikao Jumapili baada ya misa. Feza amefua kitambaa chake cha kichwa, amekianika.

Pumzika, Amisi. Siku watakapotoa uamuzi wao, wowote utakaokuwa, nitaketi hapa na kukuandikia kabla sijamwambia mtu mwingine, isipokuwa Feza.

Ni mimi,
Mwalimu